Ulitoa kwa sabuni gani?

Tulirudi kutoka ukumbini saa tisa usiku. Miguu ilikuwa imevimba kwa viatu vya kuazima, na usoni nilikuwa bado nimebeba kazi ya fundi wa mapambo aliyenikalisha kwenye kiti tangu saa nane mchana. Kope za kubandika, wanja wa maji juu, wanja wa penseli chini, na maskara ambayo fundi mwenyewe aliisifia kwamba hata nikilia harusi nzima haitatiririka. Kweli haikutiririka. Kasheshe ilianza nilipotaka itoke.

Ilikuwa Lindi mjini, kwa shangazi yangu, nyumba imejaa wageni hadi barazani. Bafuni hapakuwa na kitu ila kipande cha sabuni ya mche. Nikajipaka, nikasugua kwa upindo wa khanga, nikasuuza, nikasugua tena. Kope za kubandika nilizivuta tu, kama mtu anayebandua stika kwenye embe. Zilitoka, na za kwangu kadhaa zikafuatana nazo.

Asubuhi macho hayakufunguka. Tongotongo zilikuwa zimekauka, na ngozi ya juu ya jicho imefura ikang'aa. Shangazi aliniona nikipapasa ukuta kwenda uani akasema, "Mwanangu, umepigwa na nani tena siku ya furaha?" Bibi hakuuliza. Alishatuma mtoto akamwite jirani aliyejifungua, aje anikamulie maziwa machoni. Huku kwetu kusini dawa hiyo haina mjadala, kila jicho jekundu linakamuliwa maziwa ya mama. Nilimshika bibi mkono nikamwambia, "Bibi, shikamoo, nimekwishaweka dawa." Nilidanganya. Maziwa ni chakula cha mtoto, na ukiyaweka kwenye jicho lililochubuka unaweza kuongeza vijidudu juu ya maumivu.

Niseme ukweli, macho yangu hayajawahi kuwa na uvumilivu. Nimekulia kwenye mikorosho, upande wa Tandahimba. Watu wa kule wanajua ikifika msimu wa kupulizia salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, inakuwaje: asubuhi na mapema mashine zinanguruma, vumbi la njano linapanda mpaka kwenye vilele, na wewe ukiwa chini unalia bila msiba. Wenzangu walikuwa wananawa wanaendelea na kazi. Mimi nilikuwa nafungiwa ndani na kitambaa cha maji usoni. Kwa hiyo nilipokua na kuanza kupenda wanja, nilijua napenda kitu kisichonipenda.

Nilirudi Mtwara na miwani ya jua, zaidi ya kilomita 100 nimeegemea dirisha la basi, hata Mikindani nimepita bila kuiona bahari. Kesho yake nikaenda kwa mtaalamu wa macho, mama mtu mzima, mpole wa sauti. Akanimulika kwa kurunzi yake ndogo, akaniuliza nilipaka nini. Nikamtajia. Akaandika.

"Ulitoa kwa nini?"

"Kwa sabuni."

"Sabuni gani?"

Nikanyamaza kidogo. "Ya mche, mama."

Akaweka kalamu chini.

Aliyonieleza siku ile ndiyo niliyoyashika mpaka leo. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili, haikuumbiwa kusuguliwa. Na pale ukingoni, nyuma kidogo ya mstari wa nywele, kuna vitundu vidogo vya tezi zinazotoa mafuta. Mafuta hayo hutandaa juu ya machozi ili yasikauke haraka. Ukiviziba kwa wanja na maskara iliyolala, au ukivichokoza kwa sabuni kali, jicho linakauka, linawasha, unalifikicha, linavimba, na wewe unasema una mzio wa vipodozi. "Kwanza jifunze kutoa," alisema, "ndipo tujue kama una mzio." Akanipa matone ya machozi ya bandia, akaniambia nikande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku, na nisipake chochote mpaka macho yatulie. Akaniambia pia kwamba maumivu makali, ukungu usioondoka au kushindwa kutazama mwanga si mambo ya kusubiri nyumbani. Siku hiyo hiyo nirudi.

Wiki mbili nilitembea uso mtupu. Walioniona walidhani nimefiwa.

Baadaye nikaanza majaribio, kitu kimoja kwa wakati, maana nikichanganya viwili sitajua kipi kimeniwasha. Waipsi za mtoto zilinichoma kabla sijafika jicho la pili. Zina manukato, na manukato ndiyo adui yangu mkubwa. Mafuta ya watoto, hadithi ile ile, yananukia. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu hayakuniwasha hata kidogo, na mpaka leo ninayo ya akiba, ila ni mazito na yakiingia jichoni unaona dunia kama unatazama kupitia mfuko wa nailoni. Kuna maji ya kutolea vipodozi yanayouzwa kwenye chupa. Yasiyo na manukato yalinifaa kwa wanja mwepesi wa kazini, lakini kwa ile maskara ya harusini ni kama kumwagia bata maji. Na ndivyo inavyotakiwa iwe: maskara isiyotoka kwa maji imetengenezwa kwa nta na vitu vingine ambavyo maji hayaviyeyushi. Vinayeyushwa na mafuta. Hapo ndipo nilipojicheka, mtu wa pwani, nimezungukwa na minazi.

Mafuta ya nazi natengeneza mwenyewe. Nakuna nazi, nakamua tui zito, nachemsha kwa moto mdogo hadi maji yote yaondoke na mafuta yajitenge na machicha ya tui, nachuja kwa kitambaa safi, naweka kwenye kichupa kidogo kikavu. Kidogo kwa sababu yakianza kunuka uchachu yanamwagwa, hakuna kusema "bado bado". Ya kupimiwa sokoni kwenye chupa za maji sithubutu kuyaweka machoni, kwani sijui yana umri gani na yametiwa nini. Kabla ya kuyapeleka usoni niliyapaka ndani ya kiwiko siku mbili mfululizo, nikaona ngozi haijasema kitu. Ila si ya kila mtu. Mdogo wangu yanamtoa chunusi pembeni ya macho, yeye anabaki na mafuta ya mgando.

Sasa kazi yenyewe. Nanawa mikono kwanza kwa sabuni, kucha ndiyo zaidi. Anayevaa lensi azitoe hapo, kabla ya mafuta. Nachukua kipande cha pamba, nakilowesha kwa maji safi na kukikamua, kisha naweka mafuta juu yake. Pamba kavu hunywa mafuta yote na nyuzi zake hunasa kwenye kope, hilo nililijua baada ya kuokota nyuzi jichoni kwa robo saa. Mafuta yawe ya kulowesha tu, yasidondoke.

Nafumba jicho. Naiweka pamba juu yake, naiacha. Siibonyezi wala kuizungusha. Nahesabu 30 polepole, na kama ni maskara ya harusi nahesabu 60. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, mimi wa kwanza. Mkono unatamani kusugua. Siku za mwanzo niliushika mkono mmoja kwa mwingine. Lakini ukiiacha muda wake, unapoitelemsha pamba taratibu kutoka juu kwenda chini, kufuata nywele zilivyolala, wanja unakuja wenyewe kama masizi ya sufuria iliyorowekwa usiku kucha. Nani anakwangua sufuria kavu? Pamba naikunja, natumia upande safi, narudia. Jicho la pili pamba yake, kwani jicho moja likiwa na ugonjwa pamba hiyo hiyo itaubeba.

Kinachobaki ni mstari mwembamba chini ya nywele. Huo natumia kijiti cha pamba chenye mafuta, naangalia juu kwenye kioo, napitisha kwa nje ya ukingo bila kugusa jicho. Kisha nafuta mafuta yaliyobaki kwa pamba mpya ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa yakapoa. Nikiyaacha naamka na ukungu. Yote haya hayazidi dakika tano, nazijua kwa sababu ni muda ambao chai yangu inapoa.

Kope za kubandika kwangu zimekwisha habari, gundi yake hainifai. Kwa anayezipenda, dawa ni ile ile: kijiti chenye mafuta juu ya mstari wa gundi, subira, mpaka zilegee zenyewe kuanzia pembeni. Gundi nyingine haziyeyuki kwa mafuta, na hasa zile kope zinazogundishwa moja moja saluni, hizo rudi kwa aliyeweka.

Nimebadili na ninachopaka. Maskara sasa ni ya kawaida, inayotoka kwa maji ya uvuguvugu, na ikifika miezi 3 naitupa hata kama imebaki nusu, kwa sababu brashi inayoingia na kutoka machoni hurudi na vijidudu ndani ya kichupa. Siazimi, siazimishi, na kwa hili nimenuniwa na wifi zangu. Wanja wa manga wa bibi ndio uliniuma kuuacha. Alinipaka tangu nikiwa kichanga, kwa mapenzi yake yote. Lakini wanja wa namna hiyo umewahi kupimwa katika nchi mbalimbali ukakutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa watoto hasa. Wake sijui ulitoka wapi. Kichupa nimekihifadhi kabatini, cha fedha, kizuri. Sikifungui.

Desemba iliyopita, msimu wa korosho umelipa na kila mtaa una turubai, aliolewa binti wa dada yangu hapa Mtwara. Usiku nikamkuta bafuni, bibi harusi mzima, kitenge mkononi, uso umejaa povu. Nikamnyang'anya kitenge. Nikamlaza kitandani, nikamwekea pamba zangu mbili machoni, nikamwambia, "Tulia, mama. Nahesabu."

Nilipofika 40 nikasikia anakoroma. Nje walikuwa wanamwita.