Maji Yaliyogusa Kisiwa

Kusini mwa visiwa vya Crozet, vilivyo kusini mwa Bahari ya Hindi kwenye nyuzi 46 hivi kusini mwa ikweta, bahari imejaa naitreti na fosfeti, virutubisho ambavyo mahali pengine vingetosha kuigeuza kuwa ya kijani, na hata hivyo maji yake hubaki maangavu mwaka mzima. Kaskazini mwa visiwa hivyohivyo, ifikapo Oktoba na Novemba, fitoplanktoni, yaani mimea midogo mno inayoelea majini, huzaliana kwa wingi hata doa la kijani huonekana kwenye picha za setilaiti. Kinachozitenganisha pande hizo mbili ni madini ya chuma, ambayo fitoplanktoni huyahitaji kwa usanisinuru na kwa kuitumia hiyo naitreti. Kusini chuma ni haba mno. Kaskazini kipo, kwa sababu mkondo mkubwa unaoizunguka Antaktika, unaotoka magharibi kwenda mashariki, hupinda ukivizunguka visiwa, na maji yaliyopita juu ya miinuko yake ya volkano hubaki upande wa kaskazini yakizunguka polepole.

Hayo nilikuwa nimeyasoma Zanzibar. Nilipopata nafasi, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, katika meli ya utafiti iliyong'oa nanga Réunion kuelekea huko, sikupewa kazi ya kupima chuma bali ya kupima radiamu, elementi yenye mnururisho, na mwanzoni nilisikitika kwa kuona nimewekwa kando ya jambo lenyewe.

Chuma kilikuwa na watu wake. Kukipima ni kazi ngumu, kwa sababu meli yenyewe ni ya chuma, na chembe moja ya kutu huweza kuharibu sampuli nzima. Wenzangu walijifungia ndani ya kontena lenye hewa iliyochujwa, wakavaa nguo nyeupe na glavu mbili mbili, wakatumia chupa za plastiki zilizolowekwa kwenye asidi kwa muda mrefu kabla ya safari. Lakini hata wakikipata, chuma hakisemi kimetoka wapi. Huenda kimeletwa na vumbi la angani, au kimepanda kutoka kilindini, au kimetoka kwenye mashapo ya kisiwa, yaani tope lililotulia chini ya bahari, ambako bakteria walioishiwa na oksijeni huzitumia oksidi za chuma kwa kupumua na kukiacha chuma kikiyeyuka ndani ya maji yaliyo kati ya chembe za tope.

Hapo ndipo radiamu inapohitajika. Mashapo yana thoriamu, elementi nyingine yenye mnururisho, nayo hung'ang'ania tope, lakini radiamu inayozaliwa nayo huyeyuka na kutoka na maji ya bahari. Maji yakishaondoka sakafuni, radiamu hiyo huanza kupungua kwa mwendo usiobadilika, kila aina kwa mwendo wake: radiamu 224 hupoteza nusu yake kabla ya siku 4 kutimia, na radiamu 223 baada ya siku 11 hivi. Anayezipima zote mbili anaweza kukadiria ni muda gani umepita tangu maji yalipogusa kisiwa.

Kituo ninachokikumbuka kilikuwa kaskazini mashariki, mbali kiasi kwamba ardhi haikuonekana tena. Maji yalikuwa yamebadilika rangi tangu alfajiri, na vichujio vya maabara, ambavyo kusini vilitoka vyeupe kama vilivyoingia, sasa vilitoka na utando wa kijani kibichi wenye harufu nzito ya mwani. Mimi nilikuwa sitahani nikipitisha mamia ya lita za maji ndani ya bomba lililojaa nyuzi za akriliki zilizopakwa manganizi, nyeusi na laini kama sufi iliyochovywa kwenye wino, ambazo huinasa radiamu na kuyaacha maji yapite. Kazi hiyo haiharakishwi. Maji yakienda kasi, radiamu hupita bila kunaswa.

Kulikuwa na baharia mmoja wa makamo, mtu wa Ngazidja aliyelelewa Unguja, ambaye kila nilipomwamkia alisimama kuongea. Siku hiyo aliyatazama mapipa yangu akauliza:

"Mwanangu, maji yote haya unayachuja upate nini?"

"Nataka kujua, mzee, kama yalipita kisiwani, na yalipita lini."

Alitazama kule yalikotoka mawimbi, akasema, "Basi ufanye haraka, maana maji hayangoji mtu." Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua, kwani radiamu 224 ilikuwa ikipungua hata tulipokuwa tukizungumza.

Niliziosha nyuzi kwa maji yasiyo na chumvi, nikazikausha kiasi kwa hewa, nikaziunganisha na mashine ambayo huzungusha gesi ya heliamu ndani yake na kuhesabu mimweko ya radoni, gesi inayotokana na radiamu. Usiku kucha nilikaa mbele ya mashine hiyo huku meli ikiyumba. Radiamu 224 ilikuwa karibu kutoweka. Radiamu 223 ilikuwepo, wazi kabisa, juu ya kiwango chochote tulichokipata kusini. Maana yake ni kwamba maji yale yalikuwa yameacha miinuko ya kisiwa wiki kadhaa tu zilizopita.

Asubuhi mkuu wa msafara aliiweka karatasi yangu kando ya vipimo vya chuma, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini majira ya baridi ni muhimu katika habari hii. Wakati huo mwanga ni mdogo na dhoruba huyachanganya maji hadi chini sana, hivyo fitoplanktoni haziwezi kukua, ila mkondo hauachi kuleta chuma kutoka kisiwani. Hulimbikizwa miezi kadhaa bila kuliwa. Mwanga unaporudi, akiba yote hutumika kwa wiki chache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu Crozet ulionyesha kwamba kaboni ambayo fitoplanktoni huinyonya na kuzama nayo kilindini upande wa kaskazini ni mara 2 hadi 3 ya ile ya kusini. Wapo wanaotaka kumwaga chuma baharini kwa meli ili kupata matokeo kama hayo. Mimi, tangu asubuhi ile, naona vigumu kuamini kwamba mzigo unaomwagwa kwa siku moja utafanya kazi ya kisiwa kinachotoa kidogo kidogo mwaka mzima.

Nyuzi zile hatukuzitupa. Tulizifunga kwenye mifuko kwa ajili ya radiamu 228, ambayo huchukua karibu miaka 6 kupoteza nusu yake na hivyo huweza kungoja maabara ya nchi kavu. Kutokana nayo tulikadiria ni kiasi gani cha maji ya kisiwani kilikuwa kikisukumwa kuelekea baharini, na tulipokizidisha kwa chuma kilichopimwa na wale waliojifungia kontenani, tukapata makadirio ya mzigo wa chuma unaotoka Crozet kila siku.