Baba wa Yule Rafiki

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili nimeelemewa na swali la mtoto. Tuliwaonyesha watoto wa Shule ya Jumapili filamu ya katuni kuhusu Martin Luther King, mchungaji mweusi wa Marekani aliyepigania haki za watu weusi, aliyezaliwa Atlanta, jimbo la Georgia, tarehe 15 Januari 1929, kisha nikawasimulia alivyompoteza rafiki. Alizoea kucheza na mtoto wa Kizungu ambaye baba yake alikuwa na duka karibu na nyumba ya akina King. Walipofikia umri wa kwenda shule, kila mmoja alipelekwa ya watu wa rangi yake, na muda si mrefu yule rafiki akamwambia kwamba baba amemkataza kucheza naye. Binti mmoja akainua mkono: "Mwalimu, huyo baba naye alikuwa anasali?"

Nilimjibu kwamba siku ya Jumapili makanisa ya Wazungu wa Georgia yalijaa kama yalivyojaa ya watu weusi, na Biblia ilikuwa ileile.

Martin, akiwa na umri wa miaka sita hivi, aliyapeleka maumivu yake mezani, mbele ya baba mchungaji na mama mpiga kinanda wa kanisa. Walimweleza ukweli wote wa ubaguzi, naye akaazimia kumchukia kila Mzungu. Wakamwambia kwamba Mkristo ameagizwa kupenda. Wala haukuwa upendo wa kuinamisha kichwa, kwa maana baba huyohuyo, alipoambiwa na muuza viatu kwamba atahudumiwa tu akihamia viti vya nyuma, alimshika mwanawe mkono wakatoka bila viatu. "Mwe na hasira, ila msitende dhambi."

Wazazi wenzangu, mniwie radhi niseme waziwazi. Mnatuletea watoto wafundishwe upendo kwa saa moja, kisha jioni, sahani ya ugali ikiwa katikati, wanasikia kwamba kabila fulani ni waongo tangu kuzaliwa, kwamba binti wa jirani asiletwe tena nyumbani, kwamba kijana wa upande ule hawezi kuwa mkwe wetu. Kumbukumbu la Torati 6:7 inasema neno la Mungu linenwe "uketipo katika nyumba yako", na uketipo hapo ndipo yule baba mwenye duka alipomfundisha mwanawe, akaeleweka vizuri sana.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, tutaionyesha filamu hiyo tena. Naomba mzazi asimwache mtoto mlangoni akaenda kupiga soga uani. Aketi naye, na mtoto akiuliza, asimwambie akamuulize mwalimu.