Kadi ya harusi haiji kama APK

Jamani tulioko kwenye magrupu ya vikao vya harusi naomba mnisikilize kidogo. Juzi kwenye grupu moja limetupiwa faili limeandikwa Kadi ya Mwaliko, watu wameanza kuandika hongereni hata hawajalifungua, kuangalia mwisho wa jina nakuta .apk. Kadi inakuja kama picha au PDF basi, APK ni programu ya Android, ukiibonyeza na kukubali unakuwa umeiingiza mzima mzima ndani ya simu yako. India polisi walishatoa tahadhari ya mialiko ya hivi mwaka 2024, na sisi tunavyopenda michango na send-off sioni kwanini matapeli watuache.

Ila kwa hapa Arusha naona tatizo limeanzia mbali, limeanzia kwenye bando. Bando ni hela, kwahiyo tumezoea kurushiana programu kwa Xender, ile ya kurusha mafaili simu kwa simu bila intaneti, mtu akiwa na kitu kizuri anakirusha kwa mwenzake ndani ya kifodi, daladala zetu ndogo, kabla hawajafika Sakina, na ukinunua simu ya mtumba pale mjini kuna mafundi wanakuwekea kila kitu palepale, WhatsApp yenye manjonjo, ya kudanlodi nyimbo, ya kutabiri mikeka, na wewe unashukuru kabisa maana umeokoa MB. Silaumu mtu kuokoa hela. Ninachosema ni kwamba faili lililopita kwenye simu kumi hujui nani kalifungua katikati akapachika cha kwake, na hizo WhatsApp za manjonjo hazitoki kwa WhatsApp wenyewe, wakikukamata wanakufungia akaunti. Play Store yenyewe ina sehemu ya kurushiana programu bila kula bando, bonyeza picha yako pale juu, ingia kwenye kusimamia programu na kifaa, utaiona.

Halafu kuna kitu wengi hawajui. Tangu Android 8 iliyotoka 2017, ruhusa ya kuweka programu za nje inatolewa kwa kila programu peke yake, maana yake kama siku moja uliiruhusu WhatsApp au Xender ukasahau, mlango bado uko wazi mpaka leo. Nenda setingi utafute sehemu ya kusakinisha programu zisizojulikana, zima zote. Na ukiwa Play Store hakikisha Play Protect, ule ulinzi wa Google unaokagua programu, imewashwa, kuna watu wanaambiwa waizime ndio programu ikubali kuingia, hapo acha kabisa usiendelee.

Na Play Store nayo sio ya kuiamini ukafumba macho. 2017 iliwekwa WhatsApp feki mle ndani, jina la mtengenezaji limeandikwa sawasawa na la kweli ila limeongezewa nafasi isiyoonekana, ikadanlodiwa zaidi ya mara milioni moja. 2019 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, wakakuta kirusi ndani ya CamScanner, ile ya kuskani makaratasi, ambayo ilikuwa imeshadanlodiwa zaidi ya mara milioni 100, na kilichokuja na huo uchafu ni sehemu ya matangazo tu!

Kwahiyo mimi ninapokaza zaidi ni kwenye ruhusa. Programu ya kupamba picha inataka kusoma meseji zangu za nini? Mwenye meseji zako anaziona namba za uthibitisho za benki zikiingia, anajua salio lako kila ukituma au kupokea hela. Mbaya kuliko zote ni ile ya Ufikivu (Accessibility), ambayo imetengenezwa kwa ajili ya watu kama wasioona vizuri, ukimpa mwizi anasoma kilichoko kwenye kioo na anabonyeza kwa niaba yako, simu iko mkononi mwako na hela inaondoka.

Na za mikopo ndio usiseme, ni kausha damu, ile mikopo ya kukamua watu, ya kwenye simu. Zinachukua majina yote ya kwenye simu, ukichelewa siku mbili wanamtumia meseji baba mkwe, mchungaji, bosi. Mwezi wa 11 mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, kabla hujakopa angalia kama hiyo yako haimo, na hata isipokuwemo uliza leseni.

Mama mdogo kaniuliza, "Sasa mwanangu kama nimeshaibonyeza nifanyeje?" Mama, zima data na waifai saa hiyohiyo, chukua simu ya mtu mwingine upige benki na mtandao wako wa simu wazuie akaunti, ubadilishe na pasiwedi kwa simu hiyohiyo ya kuazima. Ndio urudi kwenye yako, uiondolee ile programu Ufikivu na usimamizi wa kifaa (device admin) halafu uifute, ikigoma washa simu kwa hali salama (safe mode), ambapo programu ulizoongeza haziwaki, ujaribu tena. Ikigoma na hapo, hamishia picha zako kwingine uirudishe simu kama ilivyotoka kiwandani, na ukianza kuweka programu upya weka moja moja kutoka Play Store, hata kama bando litaisha.