SSD mbili kwenye RAID 0: namba zinapanda, kompyuta ileile

Naona watu kibao siku hizi wananunua SSD (diski zisizozunguka) mbili za SATA, yani zinazotumia ule waya wa kawaida wa diski, wanaziunga RAID 0, data inagawanywa vipande kwenye diski zote mbili, halafu wanaposti picha ya kipimo, megabaiti 1,000 na ushee kwa sekunde, wakati SSD moja inagota kwenye 550 hivi sababu SATA yenyewe ndo mwisho wake hapo. Namba ni za kweli, sibishi. Ila hiyo ni spidi ya faili moja kubwa linalosomwa mfululizo, na kompyuta ikiwa inawaka au inafungua brauza haisomi hivyo, inaokota vipande vidogovidogo huku na kule.

Piga fio, programu ya kupima diski, uone mwenyewe. Weka ioengine=libaio, direct=1, rw=randread, bs=4k, iodepth=1, yani soma huku na kule vipande vya kilobaiti 4, ombi moja moja, anza na SSD moja kisha RAID 0 ya mbili. Nyingi za SATA zinatoa megabaiti 30 au 40 hivi, na ukiongeza ya pili unabaki palepale, maana kipande cha kilobaiti 4 kimekaa kwenye diski moja na ile nyingine haina la kufanya. Benki ikiongeza madirisha na mteja ni mmoja, hahudumiwi haraka zaidi. Sasa weka iodepth=32, hapo maombi yanakuja mengi kwa pamoja na diski zote zinapata kazi, kwahiyo seva ya database yenye watumiaji wengi RAID 10 (data inagawanywa na kila kipande kina nakala kwenye diski nyingine) inalipa kabisa, laptop ya mtu mmoja hapana.

Na hilo lina sababu yake. Patterson, Gibson na Katz walipoandika habari za RAID pale Berkeley mwaka 1988 shida ilikuwa diski za kuzunguka, ambazo hata hizi za mizunguko 7,200 kwa dakika zinakula milisekunde 8 na kitu kumaliza mzunguko mmoja, wakati SSD inajibu ndani ya sehemu ndogo tu ya milisekunde moja.

RAID 5, ambayo badala ya nakala nzima inaweka pariti, yani hesabu ya kurudisha data diski moja ikifa, kwa database mi siipendi kabisa. Andiko dogo moja linageuka kazi nne: soma data ya zamani, soma pariti ya zamani, andika data mpya, andika pariti mpya, na SSD inachakaa kwa kuandikwa. Halafu kuna TRIM, amri ya kuiambia SSD ni sehemu zipi hazitumiki tena, kontrola nyingi za RAID haziipitishi, bila hiyo SSD ikijaa spidi ya kuandika inaporomoka. mdadm, programu ya RAID ya Linux, inaipitisha kwenye RAID 0, 1 na 10, ila kwenye RAID 5 imezimwa mpaka uiruhusu. Andika lsblk -D, ukikuta DISC-MAX ni 0B ujue haipiti.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hiki. Novemba 2019 HPE walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao za SAS (aina ya diski za seva) zitakufa zikifikisha masaa 32,768 ya kuwashwa, yani miaka 3, siku 270 na masaa 8, kosa la fimwea, ile programu iliyo ndani ya diski yenyewe, na data ndo imeenda. Sasa fikiria diski zote umezifunga siku moja, zinaondoka pamoja na RAID yako haijakusaidia chochote. Kwahiyo kwenye RAID 1, diski mbili zenye nakala ileile, mi nachanganya kampuni mbili, na zikiwa za aina moja basi moja naitanguliza kazini miezi kadhaa kabla ya mwenzake. Spidi ya kuandika inafuata ile iliyo polepole, na kwa seva inayoshika hesabu za watu niko tayari kuipoteza.