Kumweleza Afisa Udahili Shule Isiyo na Kengele

Mwanangu amesoma sekondari nyumbani kwetu, hapa Minnesota, kwa miaka minne. Ulipofika wakati wa kuomba chuo kikuu, nilijikuta nikiwa mama, mwalimu na mshauri wa shule kwa pamoja, kwa kuwa mfumo wa maombi wa Common App humtaka mzazi anayesomesha nyumbani ajaze mwenyewe taarifa ya shule, orodha ya masomo na alama, na barua ya mshauri, sawasawa na shule yenye wanafunzi elfu mbili.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya utetezi mtupu. Nilijaza kurasa mbili nikieleza kwa nini tuliiacha shule ya kawaida, na katika orodha ya masomo nikaandika "Kemia: A" na "Kiswahili: A", basi. Chuo kimoja kikaniandikia kwa adabu kikiuliza ni nani aliyefundisha, ni nani aliyesahihisha, na kwa saa ngapi. Niliumia, kisha nikakiri kwamba wana haki ya kuuliza, maana A aliyoitoa mama mzazi haiwezi kusimama peke yake mbele ya mtu asiyemjua mtoto.

Nikaanza upya kwa kuhesabu saa. Kwa desturi ya Marekani, somo la mwaka mzima huhesabiwa kuwa na takriban saa 120 za kufundishwa, na kipimo hicho afisa udahili anakielewa hata kama darasa lenyewe lilikuwa meza ya jikoni. Chini ya kila somo nikaandika aya fupi: vitabu alivyosoma, kazi alizofanya, na aliyezipima.

Kwa kemia nilitoa mfano mmoja kutoka katika daftari lake. Alitengeneza sabuni kwa gramu 500 za mafuta ya zeituni, akapima gramu 91 za magadi makali yanayoitwa hidroksidi ya sodiamu, na sabuni ikatoka kali, ikawasha mikono. Alirudi kwenye hesabu yake akagundua kwamba alitumia kiwango cha mafuta ya nazi, ambayo huhitaji magadi mengi zaidi. Zeituni ilitaka gramu 68 tu. Ukurasa ule, pamoja na hesabu iliyokatwa kwa kalamu nyekundu na ile sahihi chini yake, ninauthamini kuliko alama yoyote niliyompa.

Kiswahili kilinipa taabu zaidi, na nadhani wazazi wengi wenzangu huku ughaibuni watakutana na taabu hiyohiyo. Mtoto anazungumza na bibi yake Tanga kila Jumapili, anasoma magazeti, anaandika insha, lakini kwa msomaji wa maombi yote hayo ni lugha ya nyumbani tu. Tukamwandikisha afanye mtihani wa mahojiano ya mdomo wa ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, mtihani ambao upo kwa Kiswahili na husahihishwa na watu wasiotujua, na cheti chake kikazungumza mahali ambapo sauti yangu haikutosha.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni mpango wa jimbo unaoitwa PSEO, ulioanzishwa mwaka 1985, ambao humruhusu mwanafunzi wa sekondari, hata anayesoma nyumbani, kuchukua masomo ya chuo bila ya kulipa ada. Alisoma takwimu na uandishi katika chuo cha jamii kilicho karibu nasi, akapata alama kutoka kwa walimu wasio na undugu naye, na mmoja wao akamwandikia barua ya mapendekezo.

Mzazi ambaye mtoto wake anaanza darasa la tisa, namwomba alifungue daftari la kumbukumbu wiki ya kwanza, aandike tarehe, saa na kazi iliyofanyika. Mimi nililianza mwaka wa pili. Habari za mwaka wa kwanza nilizikusanya kutoka kwenye risiti za maktaba na picha za simu, na fizikia aliyoisoma mwaka ule kwa bidii kubwa ikapata mistari miwili tu.