Nilivyopata ndugu Tanga, mji ambao sikuwa na ndugu

Mtu akihamia mji mgeni anashauriwa kila kitu, na ushauri mwingi niliopewa mimi ulinichelewesha tu. Mmoja aliniambia nitafute parokia yenye kwaya kubwa. Mwingine, mwenzangu wa ofisini, akasema nitoe mchango mnono kwenye harambee ya kwanza watu wanijue. Aliyenikera mpaka leo ni yule aliyesema jumuiya, kile kikundi cha Wakatoliki wa mtaa mmoja, ni ya kulipia michango, ili siku ukitaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa upate barua ya kupeleka kwa paroko. Ni kweli barua inaanzia jumuiyani. Lakini anayefuata barua atapewa barua, atarudi nayo nyumbani alivyokuja.

Mimi kwetu Sumbawanga. Kule ukitoka misa ya kwanza umeshasalimiana na shangazi, baba mdogo na mwalimu aliyekufundisha kusoma. Tanga nililetwa na uhamisho wa kazi, nikapanga chumba Makorora, Jumapili nikawa nasali, napanda bajaji, narudi kujifungia. Sikuwa na wa kumlaumu. Padri atamjuaje mtu mmoja katika kanisa lililojaa hadi nje? Ndiyo sababu maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliupa uzito wa pekee ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: majirani wa nyumba chache wanaosali pamoja, wanaosoma Neno pamoja na wanaojua nani anaumwa na nani ana msiba. Kwetu jumuiya na ukoo vilikuwa kitu kimoja, nikakua bila kuiona kazi yake.

Basi nikaenda jumuiyani. Jumamosi alfajiri, kwenye uwanja wa nyumba ya mwenyekiti, mkeka na mabenchi mawili. “Tumsifu Yesu Kristo.” “Milele amina.” Walinipokea vizuri sana, nikaandikwa kwenye daftari, na baada ya hapo wiki zikapita nikiwa bado mgeni.

Hapo ndipo nikafuata ushauri wa kukaribisha watu chakula. Nilipika pilau la nguvu, nyama ya kutosha, soda kreti nzima. Ilinitoka kama laki moja na ushee. Nilikodi viti. Nilimlipa dada wa kunisaidia ili mgeni wangu yeyote asiguse hata sufuria. Wakaja wote, wakala, wakasifu, mwenyekiti akanishukuru kwa maneno mazuri kabisa, wakaondoka kwa pamoja kama watu wanaotoka harusini kwa mkubwa. Jumamosi iliyofuata wakaanza kuniita “mheshimiwa.” Nilikuwa nimejiweka mbali nao kuliko mwanzo, kwa pesa yangu mwenyewe.

Kilichofungua mlango ni kuomba. Siku moja nilinunua samaki aina ya changu sokoni, nikamfuata bibi mmoja wa jumuiya, tunamwita Bibi tu, nikasema: “Shikamoo Bibi. Naomba uniazime mbuzi yako, na unifundishe. Sisi bara hatukuni nazi.” Alinitazama, akacheka, akaniita mwanangu kwa mara ya kwanza. Akanikalisha kwenye mbuzi mwenyewe, akanishika mikono yote miwili juu ya kifuu. “Zungusha. Usikandamize. Ukifika kwenye weusi umeharibu, tui litachafuka.” Tukakamua tui zito tukaliweka kando, machicha tukayarudishia maji kupata tui jepesi la kuanzia mchuzi. Tui zito likaingia mwisho, naye akanisimamia nikoroge bila kupumzika mpaka lichemke, maana ukiacha linakatika. Mchuzi ulipoiva alituma mjukuu akawaite majirani waje kumwona mtu wa Sumbawanga aliyepika samaki wa nazi.

Tangu siku hiyo nikawa naomba kwa makusudi. Niliazima ngazi kwa mwenyekiti. Nilimwomba mama mmoja anitafutie fundi wa kushona sketi, nikamwomba kijana wa kwaya anibebee gesi. Na wao wakaanza kuja: mmoja anataka nimsomee barua ya mkopo, mwingine anataka mtoto wake alale kwangu akienda msibani Muheza. Wewe mgeni, kaombe chumvi kabla hujatoa sadaka ya bahasha.

Nilipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, muuguzi alitoka mlangoni akauliza, “Ndugu wa mgonjwa?” Wakasimama watatu. Bibi alikuwa ameshapanga zamu kwenye daftari lile lile la michango: nani uji wa asubuhi, nani chakula cha mchana, nani analala. Jirani yangu Mwislamu, tunayeazimana mabenchi, akajiandikisha zamu ya chai. Na Tanga nilifika nikiwa sina hata wa kunifulia khanga.

Nisidanganye kwamba ni raha tupu. Nilipokuwa mhazini, mama mmoja alinitangaza kwamba nimekula rambirambi aliyotoa. Niliumia, na wapo walioniambia nihamie jumuiya ya mtaa wa pili. Mwenyekiti alikataa hata kulizungumzia mbele za watu. Akataja Mathayo 18:15, nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Nikaenda alfajiri, kabla wateja hawajamjaa, nikiwa na daftari. Aliniacha nimesimama, anageuza vitumbua kimya kimoja kimoja kwa kijiti. Nikamfungulia ukurasa. Fedha ilikuwepo, imeandikwa kwa jina la mumewe, kwa sababu mumewe ndiye aliyeileta. Aliusoma, akavuta kigoda kwa mguu, akasema, “Kaa, dada. Umekunywa chai?” Leo huyo ndiye ninayemwachia funguo za nyumba nikisafiri. Kama ningehama, ningehama na kinyongo changu na kumwachia yeye chake.

Mwezi huu amehamia kijana mmoja kutoka Kigoma, anasali nasi, anakaa benchi la mwisho na kuwahi kuondoka. Wenzangu walitaka tumchangie vyombo. Nimewaomba wasubiri kidogo. Nimegundua ana baiskeli nzima yenye kapu, na Jumamosi Bibi anahitaji nazi kutoka sokoni.