Omo wima, omo iliyolala, na ufuko wa Bagamoyo

Ukitazama picha za boti za starehe zinazotoka Ulaya siku hizi, kitu cha kwanza kukugonga jicho ni omo, yaani sehemu ya mbele kabisa ya chombo. Imesimama wima kama ukuta, na nyingine imepinda kurudi nyuma, ncha ya chini ikitangulia ya juu. Ubavu umenyooka kama rula, vioo vimemeza nusu ya kibanda, na rangi ni kijivu cha risasi au nyeusi tii. Picha hizo ndizo wateja wanazofungua kwenye simu mbele ya fundi wa boti za faiba: nifanyie kama hii. Fundi anaweza. Lakini kabla hajakata hata mbao ya kalibu, lile umbo ambalo faiba hulazwa ndani yake, kila mstari wa picha hiyo uulizwe unafanya kazi gani majini, maana katika vyombo vya zamani hakuna mstari uliowekwa kwa urembo peke yake.

Tuanze na haki: omo wima si uzushi wa juzi. Meli na yoti za mvuke za mwanzoni mwa miaka ya 1900 zilikuwa nazo tele, na sababu yake ni hesabu. Chukua urefu wa chombo unaolala majini, kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 1.34. Jibu ni kasi, kwa maili za baharini kwa saa, ambayo chombo kinacholima maji bila kunyanyuka hakivuki kwa urahisi. Boti ya mita 10 yenye omo iliyolala, inayogusa maji kwa mita 8 tu, inaishia 6.9. Isimamishe omo ipate mita 9.7 majini na inafika 7.6, kwa injini ileile.

Ladha ikahama. Boti ya Riva Aquarama ya Italia, iliyotoka mwaka 1962, ikawafundisha watu kupenda mbao ya mahogani inayong'aa, omo iliyolala na kioo cha mbele kilichopinda. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1960, boti ya Bertram yenye futi 31 ilikuwa imeshinda mashindano ya Miami hadi Nassau ikiwa na tumbo la V kali ya nyuzi 24 hivi, na tangu hapo boti za kasi zikafuata mkondo huo: V chini, omo ndefu iliyoinama juu. Kisha watengeneza yoti wa Wally wakaja na omo ya kisu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2008 ikashuka majini yoti iitwayo A, ya mita 119, iliyochorwa na Philippe Starck, omo yake imegeuzwa kabisa. Leo hata boti za mita 8 au 9, kama zile za Axopar wa Ufini, zina omo iliyosimama. Kwa boti inayoteleza juu ya maji ile hesabu ya urefu haina nguvu tena. Inachopata kwa omo wima ni ukali: inaingia kwenye wimbi polepole badala ya kulipiga, na chumba cha mbele kinapanuka. Hiyo ni faida ya kweli, na wazee wanaoidharau omo hii wanaionea.

Tatizo ni ufuko. Bagamoyo boti ndogo hazina gati la kuegesha. Watu wanapandia na kushukia mchangani. Maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ufuko umelala taratibu mno. Ndiyo maana mashua za pale hanamu zake, yaani mbao za omo zinazokata maji, zimelala: chombo kinasogea, pua inapanda mchanga, abiria wanashukia omo na maji yanawafika vifundoni. Omo wima mguu wake uko chini. Tuseme umezama sentimita 20 zaidi, na ufuko unashuka sentimita 1 kwa kila sentimita 40. Boti itagota mita 8 mbali zaidi na nchi kavu, na mama mwenye mtoto mgongoni atashukia kwenye maji yanayokaribia magoti. Kuna baya zaidi. Wimbi linapokuja kwa nyuma, mguu wa omo unashika mchanga ilhali tezi, yaani sehemu ya nyuma, bado inaelea. Wimbi linaizungusha tezi, chombo kinalala mbavu kwa bahari, na wimbi la pili linaingia ndani.

Dawa ipo, wala haiharibu sura. Acha omo isimame juu ya mstari wa maji, pale panapoonekana. Chini ya mstari huo pakatwe kwa mviringo, nusu kipenyo kama sentimita 60, hadi ukutane na mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Chombo kikielea, jicho halioni tofauti. Kikifika mchangani, kinapanda.

Nanga nayo husahaulika. Kwenye omo iliyolala, nanga inaning'inia mbele ya mwili wa chombo bila kuugusa. Kwenye omo wima, inapopandishwa inabembea na kupiga faiba, na jelikoti, lile koti la nje linalong'aa, ina unene wa nusu milimita hadi 0.8 tu. Mwezi mmoja wa kazi unatosha kuibandua na kuanza kulowesha faiba. Roda ya nanga itokeze mbele sentimita 35 hadi 40, na ijaribiwe kwa nanga yenyewe kabla mashimo hayajatobolewa. Chini yake lipite bamba la stenlesi la milimita 2 kutoka sitahani hadi karibu na maji, limelazwa juu ya gundi, lisifungwe kavu kwa skrubu.

Sasa marasharasha, maji yanayorushwa na omo. Kutoka Bagamoyo kwenda Unguja ni kama kilomita 40 na kitu kuelekea kaskazini mashariki. Wakati wa kusi mawimbi yanakuja ubavu wa kulia, na safari ya kurudi yanakuja kushoto, mara nyingi kwa mbele kidogo. Omo ya zamani inapanuka kadiri inavyopanda, kama kikombe, na upanuko huo ndio unaoyatupa maji nje. Omo wima ya kisasa ubavu wake ni bapa: maji yanapanda nao moja kwa moja, upepo unayachukua na kuyamwaga juu ya abiria. Wachoraji wazuri wanalijua hili, kwa hiyo chini ya ule ubavu bapa wameficha kingo za kutupa maji. Kwenye picha ya simu hazionekani, na fundi anayenakili picha anaziacha.

Kwa boti ya mita 9 weka kingo mbili kila upande, upana sentimita 5 au 6, ya juu ikianzia karibu kabisa na omo. Uso wake wa chini uinamie chini kidogo, na pale ubavu unapokutana na tumbo paachwe ubapa wa sentimita 8 hadi 10. Halafu sogea karibu uutazame ule ukingo wa nje, kwa sababu kazi yote iko hapo. Maji hushikamana na kitu cha mviringo na kukifuata, ila kwenye kona kali huachia. Fundi akilaza mati, yaani mkeka wa nyuzi za faiba, kwenye kalibu, mati haitaki kuingia kwenye kona. Inaruka na kuacha hewa nyuma yake, na boti ikitoka kona hiyo inapasuka kwa kidole. Anayekwepa kazi hiyo huizungusha kona mapema ili mati ipite vizuri, na boti yake italowesha watu maisha yake yote. Njia sahihi ni kuijaza kona kwanza, baada ya jelikoti, kwa ujiuji wa resini, ile gundi inayogandisha faiba, uliochanganywa na nyuzi zilizokatwa fupifupi, ukandamizwe kwa ncha ya brashi, ndipo mati ilazwe juu yake. Resini ya kulowesha mati iwe mara 2 hadi 2.5 ya uzito wa mati. Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba inakupa karibu milimita 1 kwa tabaka.

Mstari wa juu wa ubavu nao umebadilika. Wa zamani unashuka kutoka omo, unafika chini kabisa nyuma kidogo ya katikati, kisha unapanda kuelekea tezi. Mafundi wengi wa pwani wanaupata bila ramani: ubao mwembamba wenye unene sawa, misumari mitatu, kisha kurudi hatua ishirini nyuma na kuutazama hadi macho yatulie. Wa kisasa umenyooka. Ajabu yake ni kwamba, kwa kuwa ubavu unapinda kuelekea omo, mstari ulionyooka kwenye karatasi huonekana majini kama umebinuka mgongo, na boti mpya inaonekana imechoka. Upe mbonyeo wa hata sentimita 5 kwa mita 10. Jicho litauona umenyooka.

Vioo vikubwa sivipendi kwa jua letu, na sababu si joto tu. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene katika mita moja ya mraba. Mita 6 za mraba za kioo cha milimita 10 ni kilo 150, na zote ziko juu, pale uzito unapokifanya chombo kiende mrama. Vioo hivi pia hubandikwa kwa gundi bila fremu. Jua likiifikia gundi kupitia kioo, gundi inakufa na maji yanaanza kuingia. Ndiyo maana kioo cha boti kinachotoka kiwandani kina ukanda mweusi pembezoni. Kioo kilichokatwa mjini hakina ukanda huo, basi kifungwe kwa fremu. Mtindo mmoja mpya naukubali kwa moyo wote: kioo cha mbele kilichoinamia mbele badala ya nyuma. Wavuvi wa bahari za baridi wamekuwa nacho miaka mingi. Kinajitilia kivuli chenyewe na mvua haing'ang'anii.

Ubavu mweusi, hapana. Resini ya polyester ya kawaida huanza kulegea kati ya nyuzi 60 na 80, na uso mweusi mchana wa Februari unafika huko. Alama za mati zinajitokeza juu ya uso, na mbavu bapa zinaanza kupiga mawimbi kama bati. Mwenye kuitamani sana rangi ya giza aiweke kwenye ukanda mwembamba tu.

Anayependa sura ya zamani naye ana mitego yake. Ubavu wa tezi unaojikunja ndani kuelekea juu ni mzuri kuliko wote, ila boti haitoki kwenye kalibu ya kipande kimoja. Itakwama, na watu watapiga nyundo hadi faiba ipasuke. Kalibu iwe ya vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti katikati ya mkuku.

Mbao iwe kidogo, na iwe mahali mkono unapofika: ukingo wa juu, ngazi, usukani. Msaji unaolimwa Longuza, Muheza, unafaa, lakini una mafuta yake. Ufutwe kwa thina dakika chache kabla ya vanishi, la sivyo vanishi itabanduka kama ganda la kitunguu. Koti la kwanza nusu vanishi nusu thina, la pili robo thina, kisha makoti sita mazima, msasa wa 220 kila katikati. Anza asubuhi umande ukishakauka, maliza kabla ya saa nne. Mbao ikipata moto inatoa mapovu, na koti la jioni hugeuka jeupe kama maziwa. Kila miezi mitatu au minne ongeza makoti mawili. Ukiona ufa hata wa ukubwa wa kucha, ukwangue na uuzibe siku hiyohiyo, kabla maji ya chumvi hayajapita chini yake na kuifanya mbao nyeusi.